Kuomba data za elimu na ajira serikalini, nilivyoona mimi hapa Lamu

Nimemaliza (karibu) kukusanya data za masters yangu hapa Lamu na watu wengi wananiuliza ilikuwaje, basi naandika. Swali langu lilikuwa fupi tu, vijana waliosoma polytechnic za vijijini wamefikia wapi, wangapi wamepata kazi tangu bandari ianze 2021. Swali fupi lakini majibu yake yako ofisi nne na hakuna hata moja inayojua mwenzake ana nini.

Yaani iko hivi. Chekechea na polytechnic za vijiji ni za kaunti, msingi na sekondari ni serikali kuu, mitihani ya grade test (ya kupima ujuzi) ya mafundi ni NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, halafu nani ameajiriwa huyo utamuona NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ama KRA, mamlaka ya kodi. Mimi haya sikuyajua, nikaandika barua moja ya kurasa tatu naomba kila kitu, nikaipeleka ofisi moja (jina silitaji), na kila nikivuka na boti kwenda kuuliza naambiwa rudi wiki ijayo, bosi yuko mkutanoni, faili iko juu, mpaka miezi miwili ikaisha na nauli nayo ikaisha. Iliniuma sana, manake hizi habari ni za watoto wetu wenyewe.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa masjala. Aliisoma barua yote, akaniambia, "Mwanangu, hapa umeomba bahari nzima, nani atakuchotea? Sema wataka ndoo gani." Nikamwambia ahsante baba, nikarudi nyumbani nikaandika upya, ukurasa mmoja: mwaka, kozi, walioandikishwa, waliomaliza, wanaume wangapi wanawake wangapi, 2018 hadi 2023, bila jina la mtu. Na niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema wazi ombi liwe la Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo afisa amwandikie. Kuomba ni bure, unalipia fotokopi tu. Wana siku 21 za kukujibu, wanaweza kuongeza 14 mara moja basi. Kwa hiyo nendeni na kopi mbili, yenu igongwe muhuri wa tarehe, bila ule muhuri huna pa kuanzia kuhesabu. Siku ya 16 nilipigiwa simu, jedwali liko tayari, limeandikwa kwa mkono lakini safi kabisa.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia, chukueni mapema, inaombwa mtandaoni, ndiyo wanayouliza kwanza kila mahali, halafu mnajitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu. Na kabla ya kumsumbua mtu fungueni kwanza ripoti za KNBS, shirika la takwimu la taifa, ziko bure, volyumu ya nne ya sensa ya 2019 inaonyesha elimu na shughuli za watu mpaka kaunti ndogo, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, mimi nusu ya niliyokuwa nikiyafuata na boti nimeyakuta humo.

Nilipokwama kwelikweli ni ajira. Mtoto akiwa shule ana namba yake kwenye mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi (wakati huo NEMIS), akitoka anakuwa mtu wa kitambulisho na PIN ya kodi, na sikupata ofisi iliyounganisha hivyo viwili. Niliomba majina ili niunganishe mwenyewe nikakataliwa, nilikasirika siku ile, lakini afisa alinieleza kwa upole kuhusu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na nimekuja kuona alikuwa na haki, mimi pia nisingependa mtu nisiyemjua apewe matokeo yangu ya mtihani na mshahara wangu. Wangeweza lakini kuunganisha wao ndani wakatupa hesabu tupu, hilo nawaomba kwa moyo wote, kwa sababu sasa hivi nazunguka mwenyewe sehemu za hapa Lamu, Hindi, Mpeketoni, Faza, nyumba kwa nyumba nikiuliza fulani yuko wapi siku hizi.

Barua yangu ya mwisho ina siku 19. Ikipita muda kimya naipeleka Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya walionyimwa habari, pale unapewa siku 30 kulalamika, na ile kopi yenye muhuri ninayo.