Maji ya mtungi au filta nyumbani? Nimetumia vyote viwili, uzoefu wangu huu hapa

Kwa miaka kama minne hivi nyumbani tulikuwa watu wa maji ya mtungi, ule mkubwa wa lita 20 unaopinduliwa juu ya dispensa, na kiukweli sikuwa na shida nayo mpaka siku niliyoivuta dispensa kutoka ukutani nifanye usafi. Nikatoa mtungi, nikaingiza kidole kwenye kile kitanki kidogo cha ndani maji yanapotua, kikatoka na utelezi. Utelezi kabisa kama wa jiwe lililokaa mtoni, na mwanangu anakinga maji hapo kila siku akirudi shule. Nilishtuka sana. Mtungi wenyewe ulikuja na lakiri yake haijaguswa, aliyejaza maji sina cha kumlaumu, ila kile kitanki sikuwahi kukisafisha hata mara moja kwa sababu nilishajiaminisha kwamba maji ya kununua ni masafi na hapo ndo mwisho wa habari.

Basi nikaamua nahamia filta. Na hapa ndo nilipokosea, nataka mtu mwingine asirudie.

Nilinunua jagi la kuchujia, lile lenye katriji ya mkaa juu. Muuzaji akaniambia linatoa kila kitu. Sio kweli jamani. Maji yetu ya bomba yana chumvichumvi, birika likikaa wiki mbili linashika ukoko mweupe chini, na baada ya kununua jagi ukoko ukaendelea kushika vilevile. Ile harufu ya dawa, yaani klorini, iliisha siku ya kwanza na maji yakawa matamu kuliko mwanzo, hilo nalikubali kwa moyo wote, mkaa kwenye harufu na ladha ni fundi. Lakini chumvi iliyoyeyuka inapita tu, floraidi nayo kwa sehemu kubwa inapita, na vijidudu mkaa hauui. Tena ukishaitoa klorini umeyaondolea maji kinga yake, kwahiyo ukiyaacha yakae kwenye jagi siku tatu kwenye joto bakteria wanapata pa kuzaliana. Hiyo sikuambiwa dukani.

Nikanunua kile kidude cha kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kinafanana na kalamu, unakichovya kwenye glasi kinakupa namba. Maji ya bomba yakasoma 780, yaani miligramu kwa lita. Ya jagi 770. Nilikaa pale jikoni naangalia zile namba mbili, hela yangu imeenda, tofauti ni kumi. WHO wanasema chini ya 600 kwa kawaida maji yanakuwa na ladha nzuri na yakipita 1,000 ladha inaharibika kabisa, kwahiyo yangu hayakuwa sumu, ni ladha tu na birika langu. Ila angalieni, hicho kipimo kinasoma vitu vilivyoyeyuka kwa ujumla, bakteria hakiwaoni, na madini ya risasi (lead) ya mabomba ya zamani yanadhuru hata yakiwa kidogo mno kiasi kwamba namba haisogei. Namba ndogo haimaanishi maji salama. Kama unachota kisimani, peleka maji maabara kabla hujanunua chochote, kipimo kimoja cha maabara kitakusaidia kuliko maneno ya wauzaji kumi.

Mwisho nikafunga RO (reverse osmosis), mtambo mdogo wa kuchuja maji, chini ya sinki. Hii inasukuma maji kwenye membreni, yaani utando wenye matundu madogo mno, chumvi inabaki upande mmoja, floraidi na aseniki nazo inapunguza sana. Kalamu ikasoma 45. Birika sasa hivi lina miezi nane halijashika ukoko. Mke wangu alilalamika mwanzoni kwamba maji yamepooza, hayana ladha, na ni kweli kwa sababu madini nayo yanaondoka, tulikaa kama wiki mbili ndo tukazoea.

Tatizo lake ni maji ya kumwaga. Nilikinga ndoo nipime mwenyewe, kila lita 1 ya kunywa zinatoka karibu lita 3 za kutupa. Inaniuma. Tunayadekia na kuflashia choo, kwenye maua siweki maana chumvi yote imehamia humo. Halafu inataka presha, bomba likiwa dhaifu inabidi uongeze pampu, na umeme ukikatika pampu imelala.

Kuhusu plastiki, Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani walitoa matokeo kwamba maji ya chupa waliyoyapima yalikuwa na wastani wa vipande kama 240,000 kwa lita, vingi vidogo mno havionekani hata kwa darubini ya kawaida. Madhara yake bado yanachunguzwa kwahiyo sitishi mtu, na hao hao walisema baadhi ya plastiki huenda inatoka kwenye filta za viwandani, maana yake hata mimi mwenye membreni sijasalimika asilimia mia. Ila kuacha chupa kwenye gari juani, hilo nyumbani kwangu nimelipiga marufuku.

Kama shida yako ni vijidudu tu na chumvi hamna, huhitaji RO. Chemsha, yakishatokota kwelikweli dakika 1 inatosha, ukiwa juu milimani zaidi ya mita 2,000 fanya 3. Taa ya UV nayo nzuri lakini maji lazima yawe maangavu, yakiwa na tope vijidudu vinajificha nyuma ya chembechembe.

Mimi leo nachagua filta, ila nachagua na kazi yake. Katriji za mwanzo, zile maji yanazopitia kabla ya membreni, nabadilisha kila miezi sita, ile ya kwanza huwa inaingia nyeupe inatoka rangi ya matope, ukiishika mkononi ndo unaelewa ulikuwa unakunywa nini. Tarehe nimeiandika kwa maka pen kwenye selotepu nikaibandika kwenye kopo la filta lenyewe, maana kwenye simu nilikuwa naahirisha. Mitungi miwili ya kununua bado ipo stoo kwa siku bomba likikata. Dispensa niliigawa, na niliyempa nilimfungulia kile kitanki kwanza akaona kinavyosafishwa kabla hajaibeba.