Mji Mkongwe nusu siku na mtembezaji wenu wenyewe: lipeni, na muombe Kiswahili

Hii naiandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu, sisi tunaopanda boti Dar, tukishuka Unguja tunaingia kwenye gari moja kwa moja mpaka Nungwi au Paje, afu jioni ya mwisho tunapita Forodhani kula urojo na mishkaki na kupiga picha, basi, tunarudi nyumbani tunasema Zanzibar tunaijua. Safari hii nilikua na mama na mama mdogo na mdogo wangu wa kiume, tukaamua tuchukue matembezi ya nusu siku ya Mji Mkongwe, yale ya peke yenu, yaani mtembezaji ni wa kwenu tu hamchanganywi na kundi la watu ishirini, na nasema kwa moyo wote ile hela ilienda mahali pake na ningelipa tena kesho.

Nianze na kubuku maana hapo ndo palinikera. Kampuni siitaji jina. Fomu yao ya mtandaoni inakuuliza lugha, kuna Kiingereza, Kifaransa, Kitaliano, Kijerumani, Kihispania, Kiswahili hakimo! Kwenye mji huu huu jamani. Nikawaandikia wotsap nikasema tuko Watanzania wanne, wawili ni wazee, tunataka Kiswahili, wakakaa kimya mpaka jioni ndo wakajibu kwamba inawezekana na bei ni ileile. Bei inahesabiwa kwa kundi sio kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne inagawanyika vizuri tu, ila viingilio vya sehemu za makumbusho mnalipa wenyewe mlangoni, na hapo raia mna kiwango chenu cha shilingi ambacho ni kidogo kuliko cha mgeni, bebeni vitambulisho.

Mtembezaji aliyekuja ni mzalia wa Mji Mkongwe kabisa, mtu mzima, kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii kifuani, na jambo la kwanza alimuamkia mama na mama mdogo shikamoo zao kisha akauliza nani ana goti linalouma, kabla hata hajataja sultani yeyote. Mama mdogo ndo mwenye goti. Basi njia yote akaipanga kwa kufuata vivuli na baraza za kukaa, kila baada ya muda anasema bi mkubwa hapa tupumzike kidogo, anakaa nae barazani anaendelea kusimulia hapohapo. Na papasi wa bandarini wanaokung'ang'ania wakuonyeshe hoteli wakikuona uko na mtu mwenye kitambulisho wanakuacha, hilo tu lina thamani yake.

Tulianza saa mbili asubuhi Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hapa ndo tulikaa muda mrefu kuliko kote na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika hii kitu. Nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, aliichonga msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, 1998, na minyororo yenyewe ni ya enzi zile kweli. Kwenye picha unaona shimo tu, ukisimama pale unaona nyuso zao ziko usawa wa miguu yako, na kila mmoja anaangalia upande wake. Mtembezaji hakusema neno. Alituacha tukasimama mpaka sisi wenyewe tukaanza kuuliza.

Mama ni mzaliwa wa Tabora. Jamaa alipoanza kueleza njia ya misafara kutoka Ujiji kupita Tabora kushuka Bagamoyo, mama akamkatiza akaanza kumuuliza maswali yake, nani alikua anawakamata, nani alikua anawanunua, Wanyamwezi waliokuwa wapagazi walikua wanalipwa au na wao walikua watumwa, na akajibiwa yote bila kuzungushwa, kwamba mikono ilikua mingi, Waarabu wamo, watemi wa bara wamo, fedha za wafanyabiashara wa Kihindi zimo, wazungu walionunua pembe na karafuu wamo, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikua watu huru wanaofanya kazi kwa ujira. Halafu mama akauliza, na wale ambao hawakupelekwa ng'ambo, waliobaki humuhumu visiwani kwenye mashamba ya karafuu, wajukuu zao wako wapi? Akamjibu, "Ndo sisi, bi mkubwa." Wakaangaliana. Mimi nilikua nimeshawahi kupita pale na kundi la Kiingereza kazini, tukaelezwa mambo yaleyale kwa dakika kumi, hakuna aliyeuliza swali kama hilo.

Na mtembezaji alikua mkweli, hiki nakithamini mno. Vile vyumba vya chini ya ardhi mnavyoshushwa mkaambiwa watumwa walirundikwa humu, yeye alituambia wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa baadae, wakati wa hospitali ya misheni iliyokua juu yake, kwa ajili ya kuhifadhia vitu, kwa hiyo akasema soko lilikuwepo hapa hilo halina ubishi, mateso yalikuwepo, lakini kuhusu hiki chumba chenyewe nawaachia mkijua pande zote mbili. Wangapi wanakwambia hivyo? Akatueleza pia kwamba soko lilifungwa 1873 baada ya Waingereza kumbana Sultani Barghash kwa vitisho vya kuizingira Unguja kwa meli, ila utumwa wenyewe haukufutwa siku hiyo, sheria ya kuuondoa ilikuja 1897, na hata hiyo haikuwagusa masuria mpaka 1909. Mi shuleni nilikariri 1873 nikaishia hapo.

Ndani ya kanisa angalieni nguzo za nyuma, zimesimama kichwa chini miguu juu, mafundi waliziweka vile wakati askofu Steere hayupo na zikaachwa hivyohivyo mpaka leo. Madhabahu iko pale inaposemekana mti wa kuchapia watumwa ulisimama. Na kuna msalaba wa mbao ya ule mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu, na huyu ndie aliyeshughulikia Kiswahili cha kuandikwa kwa herufi za Kirumi miaka ile, sarufi, tafsiri za Biblia, kwa hiyo mtu unayesoma hapa sasa hivi una deni nae kidogo.

Kutoka pale tukaingia vichochoroni, na hapa tena kuna kitu sijawahi kuonyeshwa. Alitusimamisha kwenye ukuta mmoja wa nyumba kongwe, sehemu imezibwa kwa saruji na sehemu imezibwa kwa chokaa, akatuambia gusa. Ile ya saruji inasikika tupu ukigonga, pembeni imeachia, na nyuma yake jiwe la matumbawe limekua unga unaodondoka ukilipitishia kidole. Ile ya chokaa imeshikana na ukuta. Sababu yake, jiwe la matumbawe linavuta unyevu na chumvi na linatakiwa lipumue, chokaa inaruhusu, saruji inaziba, maji yanabaki ndani yanakula ukuta taratibu mpaka siku unashuka. Halafu akanyanyua macho kwenye dari la ukumbi wa nyumba ile, mlango ulikua wazi na mwenyewe alituruhusu, akatuonyesha boriti za mikoko zimelala, akasema urefu wa boriti ndo upana wa chumba, boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu, ndo maana vyumba vya nyumba za mwambao ni virefu vyembamba. Mdogo wangu anasomea ujenzi, alikua kama kafunguliwa dunia, hapo tulipoteza karibu nusu saa na mtembezaji wala hakuangalia saa. Hii ndo raha ya kuwa peke yenu.

Milango nayo, mnaijua kwa picha. Ila sasa najua kuitofautisha, ile iliyonyooka juu kama sanduku ni ya mtindo wa Kiarabu, yenye upinde juu ni ya Kihindi zaidi, na ile misumari mikubwa ya shaba yenye ncha asili yake inasemwa ni India kuzuia tembo wasisukume mlango, hapa kwetu ikabaki kuwa pambo la wenye uwezo. Mnyororo uliochongwa kwenye fremu ni ulinzi wa nyumba, samaki ni uzazi. Mama mdogo alichagua mmoja akasimama akaufuata mchoro wa mnyororo kwa kidole kutoka chini mpaka alipofikia.

Jaws Corner tulikunywa kahawa chungu na kashata, wazee wanacheza dhumna, wakamsalimia mtembezaji kwa jina la utani na wakatuvuta kwenye mazungumzo ya bei ya karafuu na boti mpya. Kwa Kiswahili ule mji unakupokea kwelikweli.

Upande wa bahari tulienda haraka kidogo, jua limeshapanda. Ngome Kongwe, waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1690, sa hivi ndani kuna uwanja wa maonyesho na maduka ya sanaa. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, tuliiangalia kwa nje tu, imezungushiwa mabati, na iliniuma. Barghash aliijenga 1883, ndio iliyotangulia kuwa na umeme mjini, watu wakaja kushangaa lifti, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa wakati ikikarabatiwa, mafundi wawili wakafa. Baada ya ule ukuta wa saruji na chokaa nilisimama pale naangalia kwa jicho lingine kabisa. Naomba waimalize na wairudishe kwa chokaa yake.

Hapohapo mbele ndo palipigwa vile vita vya tarehe 27 Agosti 1896, wengi wanataja dakika 38, manowari za Waingereza zikapiga kasri kwa mizinga kwa sababu Khalid bin Barghash alikaa kwenye kiti cha usultani bila ridhaa yao. Watu wanaihadithia kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani, mtembezaji wetu hakuihadithia hivyo, alitaja kwanza waliokufa na kujeruhiwa upande wa sultani, karibu 500. Na Khalid alikimbilia kwa Wajerumani wakamtorosha mpaka Dar es Salaam akaishi kwetu pale miaka mingi, Waingereza wakamkamata 1916 wakampeleka uhamishoni, akaja kufia Mombasa 1927. Mimi mtu wa Dar sikuwahi kusikia.

Nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, tulipita tu, alizaliwa Zanzibar 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kuna makumbusho yake Shangani kwa wanaompenda. Hamamni tulichungulia, ni bafu za mtindo wa Kiajemi za enzi za Barghash, ndani patupu na pameanza kuchakaa, mkiwa na muda mchache ruka. Sokoni Darajani tulimalizia, hiliki na mdalasini tukanunua kwa muuzaji anayenunuliwa na wenyeji na sio kwenye vile vipakiti vya watalii.

Yasiyonipendeza ya kampuni, mbali na ile fomu. Dereva wa kutufuata alichelewa na simu hapokei, wazee wamekaa juani. Risiti niliidai mara tatu. Na kwenye ratiba walikua wameweka kituo kwenye duka moja la vinyago na vitambaa ambalo ni wazi wana asilimia yao, tulimwambia mtembezaji hatutaki, akasema sawa hamna shida akaliondoa, lakini mtu mwingine asiyejua angepoteza nusu saa yake humo. Choo pia, ulizeni mapema, ukiwa na wazee hili ni jambo kubwa, Ngome Kongwe na pale kanisani vipo, katikati vichochoroni hakuna mpaka uombe hotelini.

Kwa mnaopanga: anzeni saa mbili, isipite hapo, saa sita jua la pale linakaa kwenye mawe. Viatu bapa. Mabega na magoti yafunikwe, mnapita kwenye mitaa ya watu wanaoishi. Ijumaa ichukueni tu kama mnaanza mapema sana maana ikikaribia swala ya adhuhuri maduka mengi yanafungwa na mtembezaji nae ana haki yake ya kwenda msikitini. Msijaze sehemu kumi kwenye nusu siku, chagueni nne au tano, na Mkunazini iwe ya kwanza kabla makundi makubwa hayajafika. Na mkibuku kampuni yoyote ile waandikieni wazi kwamba mnataka mtembezaji wa Kiswahili mzalia wa Mji Mkongwe, wakisema hayupo tafuteni kampuni nyingine, kwa sababu yupo.