Koili za IST na Vitz kwa milima ya Mbeya: angalia mpira kwanza

Tangu mvua zianze, malalamiko ya wasomaji ni yale yale. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, imebadilishwa, mjini gari linakwenda vizuri, lakini likianza kupanda kutoka Uyole kwenda Isongole kwenye ukungu linamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, na taa ya injini inawaka. Dukani watu huuliza bei na boksi. Mpira wa chini, ule unaoshuka hadi kwenye plagi, hakuna anayeutazama.

Kwenye injini ya 1NZ, iliyo kwenye nyingi ya gari hizi, kila silinda ina koili yake. Kompyuta ya gari husoma sensa ya kranki, kisha huiamuru koili ikate umeme wa volti 12 unaopita kwenye nyaya zake za ndani, na hapo huzaliwa volti makumi elfu. Ukikanyaga mafuta mlimani, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka na cheche hudai volti nyingi zaidi. Mpira ukiwa na ufa, au maji yakiwa yameingia kwenye tundu la plagi, umeme hutorokea kwenye chuma cha silinda hedi na plagi haiwaki. Kwenye tambarare kasoro hiyo inaweza isionekane kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa koili mpya ya kampuni ya Denso, bila kusita. Namba ya spea kwa 1NZ ni 90919-02240. Mwenye injini nyingine ya Toyota, 1ZZ, asikubali kupewa hiyo. Yake inaishia 02239. Bonyeza mpira: uwe laini na urudi ulivyokuwa.

Ya pili ni Denso ya mtumba kutoka Japani, kwa sharti moja: uweke mpira mpya na springi yake. Mipira huuzwa peke yake, msidanganywe.

Zile za boksi jeupe zisizo na jina, ziacheni.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaolazimisha seti ya koili nne wakati iliyokufa ni moja. Mwambie fundi abadilishane koili za silinda mbili. Kumisi kukiifuata koili hadi silinda nyingine, mbovu umeipata, nunua hiyo moja tu. Kabla ya hapo akague plagi, maana pengo likipanuka kupita milimita 1.1 koili inaelemewa, hata iwe mpya. Tena maduka yetu yamebandika tangazo kwamba spea za umeme hazirudishwi, halafu wanakataa boksi lisifunguliwe kabla ya kulipa. Asiyekuruhusu kuubonyeza mpira pale kaunta, usimpe hela yako.