Mkanda wa mgongo kwa mbeba mizigo: upi ununue, upi uache

Kuli mwenye mgongo mzima asitoe pesa yake kununua mkanda akidhani amenunua kinga. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti afya kazini, iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka makubwa na matokeo yakatoka mwaka 2000: waliovaa mkanda kila siku waliumia mgongo sawa na wasiouvaa. Ndiyo maana namba moja yangu si mkanda.

Ni toroli ya magurudumu mawili. Kikokotoo cha NIOSH cha kunyanyua mizigo kinaanza na kikomo cha kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na mtu hajajipinda. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Lumbesa ndiyo usiseme. Gunia limejazwa hadi likatoa kichwa, halafu linatua kwenye shingo ya kijana wa miaka 20! Inaniuma kila nikiona. Changishaneni watatu mnunue moja. Chagua matairi ya upepo, maana ya plastiki ngumu hukwama kwenye mashimo na kokoto za sokoni. Igeuze uangalie ekseli na sehemu zilizochomelewa. Ukiona ufa, mrudishie muuzaji.

Namba mbili ni mkanda mpana wa elastiki, wa kubana kwa velkro. Huu unamfaa aliyewahi kuumia na anarudi kazini kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Usiununue kwa kuushika tu. Uvae, uchuchumae palepale dukani kama unayeokota gunia: vile vibati vya ndani vikikuchoma mbavu au nyonga, huo si saizi yako. Kwa joto la Dar au Mombasa, tafuta wenye kitambaa cha wavu. Ulegeze kila unapotua mzigo, na kama una presha, muone daktari kwanza, kwa sababu kubana tumbo huku unanyanyua huipandisha.

Mkanda wa ngozi wa wanyanyua vyuma ni wa tatu. Umetengenezwa kwa mnyanyuo wa sekunde chache, si kwa kutwa nzima ya kupandisha magunia kwenye Fuso.

Mikanda yenye sumaku, iache.

Na ukipata ganzi inayoshuka miguuni au ukashindwa kuzuia mkojo, usiende dukani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.