Sitrini ya asili na ya kuchomwa, duka nililonunua Arusha

Kama unatafuta sitrini, lile jiwe la vito la njano la jamii ya kwatzi, ya pete au hereni, kilichonifurahisha kwenye hili duka ni kwamba muuzaji anakwambia mwenyewe ipi ya asili na ipi imechomwa, hata kabla hujauliza. Kwenye biashara ya mawe hiyo ni adimu jamani, nyota tano nawapa kwa hilo tu.

Alimwaga mawe kwenye karatasi nyeupe, akayatenga mafungu mawili, akasogea nayo dirishani maana taa za dukani zinadanganya rangi. Fungu la asili lilikuwa njano ya kupauka, mengine yana kamoshi kwa ndani, akasema ni ya Zambia na Kongo. Fungu la pili ndo yale yenye rangi kali, machungwa mpaka inaelekea wekundu, hayo yalikuwa amethisti ya zambarau ya Brazili ikaingizwa kwenye tanuru la nyuzi kama 500 hivi, chuma kidogo kilichomo ndani kikabadilika kwa joto na zambarau ikapotea. Sio feki, ni kwatzi ileile na ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs cha 1 mpaka 10 ni 7 uleule. Akanipa daikroskopu, kifaa kidogo cha kutazamia rangi za jiwe, nichungulie, ina vidirisha viwili, jiwe la asili ukiligeuza njano ya huku na ya kule zinapishana kidogo, la kuchomwa pande zote rangi moja. Kwa macho matupu nisingejua kabisa.

Na sisi watu wa Arusha kuchoma tunakujua, tanzanaiti nyingi ikitoka Mererani ni ya kahawia, ile bluu ya madukani karibu yote imepita kwenye moto. Shida sio kuchoma, shida ni mtu anachoma halafu anakuuzia kwa bei ya asili huku amekaa kimya.

Sehemu nyingine niliyopita, jina silitaji, walinitolea jiwe la machungwa wakaliita "topazi ya Madeira", jina la biashara tu wanaloipa sitrini. Topazi ni madini mengine kabisa, ugumu 8, na ni zito zaidi, yakiwa saizi moja mizani inaonyesha wazi. Nikawaambia sawa, andikeni topazi kwenye risiti, wakaanza kuzunguka zunguka nikaondoka zangu. Na muwe macho na yale mafuwele yenye ncha za machungwa na kitako cheupe yanayouzwa kama sitrini ya asili, yale ni amethisti iliyochomwa.

Hapa nilichukua ya asili kwa ajili ya kidani maana ile njano yake tulivu naipenda sana, na ya kuchomwa kwa pete ya fedha, inawaka vizuri na bei yake ilikuwa nafuu. Risiti waliandika "imechomwa" bila kuombwa. Ila mwambie sonara asipitishe moto wa kuchomelea jiwe likiwa tayari kwenye pete, linaweza kupasuka au rangi ikabadilika.

Kasoro yao ni ukataji. Mawe mengine yamekatwa mafupi mno chini, nililiweka moja juu ya gazeti nikasoma maandishi katikati ya jiwe, hilo kwenye pete litaonekana tupu hata rangi iwe nzuri vipi. Kwa hiyo usikubali kupimiwa fungu zima, chagua moja moja, hawakasiriki.