Kipimo cha Towa TM-3: kinachopima na kisichopima

Kwenye mashine ya mkono mrefu ya kushonea mifarishi (vitambaa viwili vyenye pamba katikati), vita kubwa iko kwenye kasha la bobini, kijumba cha chuma kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini. Uzi wa chini ukilegea, nukta zake huchomoza juu ya kitambaa. Ukikazwa mno, hunyooka nyuma ya mfarishi kama waya na kuuvuta uzi wa juu uje kuuzungukazunguka. Kipimo cha Towa, kidude cha Kijapani kinachoingia kiganjani, kimetengenezwa kwa ajili ya shughuli moja tu: kusoma uzi unaotoka kwenye kasha umekazwa kiasi gani. Shughuli hiyo kinaifanya vizuri. Wengi wanaokilaumu wanakidai kazi isiyo yake.

Kabla ya kulipa, angalia namba ya modeli. TM-3 ni ya kasha la M, lile kubwa linalotumika kwenye mashine nyingi za mkono mrefu, lenye bobini ya kipenyo cha kama sentimita mbili na nusu. TM-1 ni ya kasha la L, lenye bobini ya kama sentimita mbili. Kasha la M halikai kwenye TM-1, na anayenunua mtandaoni kwa kutazama picha peke yake huambulia kisichomfaa, kwa sababu vyote viwili vinafanana sana. Mwenye mashine ya bobini ya kudumbukiza kutoka juu aachane navyo kabisa, maana vimeundwa kwa kasha la chuma linalotolewa nje.

Kukitumia si kazi, ila hatua ndogondogo ndizo zinazoharibu namba. Anza kwa usafi. Pitisha pembe ya karatasi ngumu chini ya springi bapa iliyo ubavuni mwa kasha, kwa kufuata njia ya uzi, mpaka vumbi la pamba litoke. Kipande cha vumbi kidogo kuliko punje ya mchele kinatosha kuinua springi hiyo, na kishale kikaanguka karibu na sifuri ingawa skrubu haijaguswa. Fundi asiyejua hili hukaza skrubu, vumbi hutoka lenyewe katikati ya safu ya mshono, na sasa uzi umebanwa kupita kiasi.

Weka bobini ikizungukia upande uleule inaozungukia wakati wa kushona. Pitisha uzi chini ya springi, kisha kwenye kijitanzi cha waya kilicho usoni mwa kasha, kama mashine yako inakitumia. Ukikiruka kijitanzi utasoma namba ya chini kuliko mkazo wa kweli, kwa sababu ile kona ya mwisho nayo huushika uzi. Pachika kasha kwenye kipimo, zungusha uzi kwenye kapi, halafu uvute polepole kwa mwendo mmoja. Usisome pale kishale kinaporuka mwanzoni. Soma kinapotulia huku uzi ungali unatembea. Vuta mara tatu. Mkono wenye haraka hupata namba tofauti kila mara, na hapo ndipo wengine huamua kwamba kipimo ni kibovu.

Skrubu ya kugeuza ni ile kubwa. Ndogo kwa kawaida kazi yake ni kuishikilia springi, iache. Kulia hukaza, kushoto hulegeza, na kiasi cha kugeuza kiwe kama mwendo wa dakika tano kwenye uso wa saa, si nusu mzunguko. Fanya kazi hiyo juu ya sahani au kitambaa cheupe: skrubu ikilegezwa mno hutoka, na ikidondoka sakafuni huioni tena.

Namba ipi sasa? Kwa uzi wa poliesta wa unene wa namba 40, wengi huanzia kati ya milinyutoni (kizio cha nguvu) 180 na 220. Uzi wa pamba huanzia upande wa chini wa eneo hilo, kwa sababu hukatika upesi zaidi na humwaga vumbi. Bobini zilizojazwa kiwandani zenye sumaku katikati huwekwa chini zaidi, kwani sumaku yenyewe inaishika bobini. Anayetoka kwenye kudarizi atakuwa amezoea kusikia gramu 18 hadi 22 na kudhani hizi ni dunia mbili. Ni jambo lilelile: milinyutoni 200 ni karibu gramu 20 za mvuto. Tazama kipimo chako kimeandikwa nini kabla ya kulinganisha namba na mwenzako.

Lakini 200 si amri, na hapa ndipo tunapotofautiana na wauzaji wanaokisifu kipimo hiki kana kwamba kinatoa hukumu. Hakijui uzi wako wa juu ni upi, pamba ya ndani ni nene kiasi gani, wala sindano ni ya ukubwa gani. Faida yake ni kumbukumbu. Ukishapata mshono mzuri kwa uzi fulani, unasoma namba, unaiandika kwenye kadi pamoja na jina la uzi, unene wake, sindano na mkazo wa juu. Miezi mitatu baadaye unarudi palepale kwa dakika mbili, badala ya kupoteza asubuhi nzima na kitambaa cha majaribio.

Kishale chenyewe kina habari ambayo wengi hawaisomi. Kikipanda na kushuka sana uzi unapotembea, usiguse skrubu. Kasoro iko kwenye bobini: imejazwa kwa kulegea, imejaa hadi kufura, ina ukingo uliopinda, au uzi umerundikana upande mmoja. Jaza bobini hadi kama asilimia 80, uzi ukiwa umebana sawasawa. Bobini ikiwa nzuri na kishale bado kinacheza, toa ile springi ya ndani inayozuia bobini isikimbie mashine inaposimama ghafla, uone kama imelala bapa au imevunjika mguu. Kwa kugundua haya tu, kipimo kinajilipa.

Swali linaloulizwa sana ni kama jaribio la zamani la kuning'iniza kasha halitoshi. Unalishika kwa uzi, unatikisa kidogo, kasha linateremka sentimita chache na kusimama. Linatosha kwa anayetumia uzi mmoja na bobini za aina moja mwaka mzima, na mtu huyo abaki na pesa yake. Udhaifu wake ni kwamba linapima kwa uzito wa kasha lenyewe. Bobini iliyojaa ni nzito kuliko iliyobaki robo, ya chuma ni nzito kuliko ya alumini, kwa hiyo mteremko uleule unaweza kuwa na maana mbili. Anayepokea kazi za wateja, leo pamba, kesho poliesta nyembamba, atakosea mara nyingi.

Ukishaweka kasha, kazi ya juu bado iko mikononi mwako. Shona ukingoni mwa mfarishi wenyewe, kwa kitambaa kilekile na pamba ileile, si kwenye kipande cha akiba cha aina nyingine. Mistari iliyonyooka hudanganya, kwa hiyo chora miduara na ncha kali, ukielekea kila upande. Kisha geuza upitishe ukucha nyuma. Vitanzi vya uzi wa juu vinavyojitokeza nje ya kona kama kope vinaonyesha mkazo wa juu ni mdogo, au unaisukuma mashine kwenye kona kwa kasi hadi sindano inapinda. Hapo usikimbilie kasha, kaza juu, punguza mwendo, au panda kutoka sindano ya 16/100 hadi 18/110 isiyopinda kirahisi. Hakikisha pia sindano haikuzunguka ilipofungwa: mpini wake ni wa duara kwenye nyingi za mashine hizi, na tundu likitazama pembeni mishono hurukwa hata mkazo ukiwa sawa. Kwa wanaotia kitenge juu ya mfarishi kuna jambo la ziada. Kifuliwe kwanza. Kikiwa kipya huwa kigumu na kimebana, kinaisumbua sindano na kuuzuia uzi wa juu, halafu lawama zote zinaangukia bobini.

Kasoro za kidude chenyewe ni mbili. Uso wake una mistari midogo, na penye taa hafifu utakisia. Pia hakipendi kuanguka, kwa hiyo angalia kama kishale kinarudi sifuri kabla ya kila matumizi, na kikikataa usiamini namba zake mpya wala usizilinganishe na kadi zako za zamani.

Ukikinunua, ongeza kasha la pili. Moja liwe la uzi mnene, jingine la mwembamba, na kila moja lipakwe tone la rangi ya kucha ya rangi yake. Skrubu isiyoguswa kila wiki hukaa ilipowekwa, na kipimo kinabaki cha kuhakiki tu kila unapobadilisha bobini.