Mkate wa kumimina wa Kirumba

Mgahawa mdogo ulio kwenye njia ya kuelekea soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hauna hata bango, lakini mkate wake wa kumimina unastahili kutafutwa. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui la nazi, hamira na iliki, kisha rojo hilo huachwa liumuke kabla ya kumiminwa katika sufuria iliyopashwa moto na kufunikwa kwa mfuniko wenye makaa juu yake, ili mkate uive kwa moto wa juu na wa chini kwa pamoja. Oveni ya umeme nayo huivisha, ila haitoi ule ukoko wa kahawia ambao sisi wajukuu tuliugombania kila Idi, huku bibi akikata vipande na kumtengea babu kilicho kikubwa (hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini). Kipande cha mgahawani kilinirejesha huko moja kwa moja: ndani kina vitundu na unyevu, na sukari yake haiifuniki iliki.

Nazi husafirishwa kutoka Pwani, hivyo sioni sababu ya kulalamikia bei ya shilingi 1,000 kwa kipande. Chai ni ya kawaida. Kasoro halisi ni kwamba mkate unaouzwa jioni ni ule ule wa asubuhi, ukiwa umekwisha kukauka kingoni. Afadhali ufike kabla ya saa nne, au uagize mzima mapema kwa ajili ya nyumbani.